Sura ya Tano: Ugali wa Ughaibuni

Mtu wa Nakuru akihamia Lowell kule Massachusetts, au Reading nchini Uingereza, kitu cha kwanza kumshinda jikoni ni unga. Si kwamba haupo. Umejaa rafuni: wa njano, wa chenga, uliopitishwa kwenye chokaa, uliopikwa kiwandani ukakaushwa, na pakiti zote zinasema ni wa mahindi. Ananunua ulio karibu na mkono, anachemsha maji, anasonga. Kinachotoka ni uji mzito usiokubali kushika, au donge la kunata lenye harufu ya tortilla. Usiku huo simu inalia Nakuru.

"Mum, ugali umekataa kushika."

"Maji uliyaacha yachemke kweli?"

"Yamechemka, mum."

"Basi ni huo unga."

Ni huo unga kweli. Tuanzie hapo, maana anayeelewa unga atayaelewa mengi ya yale yatakayomkuta jikoni ugenini.

Ugali tuliouzoea unatokana na mahindi meupe yaliyosagwa laini, ama unga wa dukani uliokobolewa, ama ule wa posho mill wenye kiini na pumba zake. Unga wa kawaida katika maduka makubwa ya Marekani ni wa njano, umeondolewa kiini ili usichache upesi, na umesagwa kwa chenga kubwa. Wanga wa mahindi huanza kufura na kushikana maji yakifika nyuzi 62 hadi 72 hivi. Chembe laini hufika huko mara moja, ila chenga kubwa hulowa nje huku moyo wake ukiwa mbichi. Ndiyo maana ugali wa unga ule husagika mdomoni kama mchanga, na ukishaliwa hufanya kazi tumboni usiku kucha.

Masa harina ni kitu kingine kabisa. Hayo ni mahindi yaliyochemshwa katika maji ya chokaa kabla ya kusagwa, kwa ufundi ambao watu wa Meksiko na Amerika ya Kati wameujua kwa maelfu ya miaka. Chokaa hulainisha ganda, hubadilisha harufu, na huifungua niasini iliyofungwa ndani ya punje ili mwili uweze kuitumia. Mahindi yalipovuka bahari kuja kwetu na kwenda Ulaya, ufundi huo haukusafiri nayo, na kule kusini mwa Ulaya na baadaye kusini mwa Marekani, maskini walioishi kwa mahindi karibu peke yake waliugua pelagra kwa vizazi. Masa harina, basi, ni unga wa heshima, lakini haupiki ugali. Unga wa arepa nao umekwisha kupikwa, na ukiutia katika maji ya moto hugeuka gundi.

Unaofaa hupatikana kwa majirani zetu. Duka la Wazimbabwe, Wamalawi, Wazambia au watu wa Afrika Kusini lina unga mweupe wa sadza, wa nsima, wa pap, na kwa mkono uliozoea mwiko tofauti yake na wa kwetu ni ndogo. Kusini mwa Marekani, ambako Wamarekani weusi na weupe wamekula mahindi meupe kwa karne nyingi, unga mweupe uliosagwa laini huuzwa katika maduka ya kawaida. Na kama umekwama na ule wa chenga, usiutupe. Koroga theluthi moja kwa maji baridi, uutie katika maji yanayochemka, uuache utokote kama uji dakika tano au zaidi, ndipo uongeze uliobaki na kusonga. Kisha funika, punguza moto uwe mdogo kabisa, ungoje dakika kumi. Ladha haitakuwa ile ile, lakini utaiva.

Kuhusu rangi, Mkenya aliyekuwa na akili zake mwaka 1984 hahitaji kuelezwa. Mvua ilikosa, mavuno yakaanguka, na nchi ikaagiza mahindi ya njano kutoka nje. Watu waliyala kwa sababu ya njaa, na tangu hapo njano imebaki rangi ya msaada na ya chakula cha mifugo. Nimewaona watu wazima, wenye mishahara mizuri ughaibuni, wakiukataa ugali wa njano kwa uchungu ambao watoto wao hawauelewi. Ukweli wa lishe uko upande wa njano: ndani ya rangi ile kuna karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, na mahindi meupe karibu hayana. Lakini anayekumbuka foleni za mwaka ule simlaumu.

Ila weupe wenyewe haukuwa wa mababu. Kabla ya walowezi, ugali wa Bonde la Ufa ulikuwa wa wimbi na mtama. Kimyet ya Wakalenjin ilikuwa nyeusi muda mrefu kabla ya kuwa nyeupe. Mahindi yalishika ardhi hii pamoja na mashamba makubwa ya Wazungu mwanzoni mwa karne iliyopita. Walowezi walipanda meupe kwa kuwa watengenezaji wa wanga Uingereza waliyataka meupe, na walimlipa kibarua sehemu ya ujira wake kwa posho ya unga huo huo. Lord Delamere, aliyeshika ardhi Njoro, alianzisha kampuni ya Unga mwaka 1908. Na mbegu iliyoyafanya mahindi kuwa chakula cha kila nyumba, H611 iliyotolewa Kitale mwaka 1964, ilizaliwa kwa kuunganisha mahindi ya Kitale na aina iliyotoka Ecuador. Chakula tunachokililia ugenini kina umri wa bibi zetu tu, na nusu ya nasaba yake iko Amerika ya Kusini.

Sisemi hivi ili kukipunguzia hadhi. Nasema kwa sababu Nakuru ni mji uliojengwa na watu waliopika mbali na kwao. Reli iliyoanza Mombasa mwaka 1896 ilipita hapa na kufika ziwani, Kisumu, mwishoni mwa 1901. Nyuma yake walikuja mafundi na wachuuzi wa Kihindi, walowezi, makarani, maskwota wa Kikuyu waliokwenda kulima mashamba ya wengine Njoro, Elburgon na Subukia, Waluo na Waluhya wa karakana na nyumba za reli, Wakalenjin walioshuka kutoka Baringo na Kericho, Waislamu wa Bondeni na pilau yao. Nakuru ikawa manispaa, na tarehe 1 Desemba 2021 ikatangazwa kuwa jiji la nne la Kenya. Katika ploti moja, milango kumi ikitazamana uani, mtoto alikua akijua githeri ya mlango huu, omena ya mlango ule, mrenda wa mlango wa tatu na chapati za Jumapili ambazo zilipikwa kila mlango. Mama aliyekosa mboga ya kwao sokoni alimwuliza jirani, "Hii yenu mnaipikaje?" Mpaka leo akina mama wa ploti wanaulizana hivyo hivyo.

Mwanzoni mwa 2008 kulikuwa na mapishi ya ugenini ya aina nyingine, ambayo kitabu hiki hakiwezi kuyaruka. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, maelfu ya watu waliofukuzwa makwao walijazana katika uwanja wa maonyesho wa Nakuru na uwanja wa Afraha. Wengine mashamba yao yalikuwa mwendo wa saa moja tu kwa matatu. Wakapika mahindi na maharagwe ya msaada juu ya mawe matatu, katika mji wanaoujua, wakiwa wageni. Baadhi ya waliovuka bahari miaka iliyofuata walitoka kambini mle. Mtu huyo akikuambia kwamba githeri yake ya Dallas haina ladha ya nyumbani, usimpe ushauri wa viungo. Mwulize habari za kwao, kisha nyamaza umsikilize.

Githeri yenyewe ughaibuni hupikika tofauti, na sababu ni za kimwili kabisa. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji huchemka yakiwa nyuzi 94 badala ya 100. Kule juu Molo huchemka mapema zaidi. Maharagwe ya nyumbani yanaiva polepole kwa sababu maji yanayochemka hayana moto wa kutosha. Ukishuka hadi London au Boston, ambako bahari haiko mbali, maharagwe yale yale huiva mapema, na anayehesabu saa za mama yake atakuta rojo. Lakini London ina mtego wa upande wa pili. Maji yake hupita katika miamba ya chokaa, na kalisi iliyomo huushika ute unaounganisha chembe za ganda, ukawa mgumu. Maharagwe makavu yaliyozeeka rafuni, yakitiwa maji hayo, huweza kukaa motoni jioni nzima bila kulainika.

Dawa yake akina mama wa Bonde la Ufa wanaijua. Ni magadi, yale mawe meupe yanayouzwa kwa vipande sokoni, ambayo asili yake ni maziwa ya chumvi ya bonde letu wenyewe. Magadi ni chumvi za sodiamu zenye ukali wa alkali, nao hulegeza ganda. Ughaibuni hakuna magadi, ila baking soda ni ndugu yake wa karibu, na robo ya kijiko cha chai kwa sufuria ya lita tatu inatosha. Ukizidisha, maharagwe yatakuwa na ladha ya sabuni na kupoteza vitamini zake. Kuna onyo moja pia ambalo halikuhitajika kwenye jiko la makaa: maharagwe mekundu yana sumu inayokufa kwa kuchemka tu. Sufuria za umeme za moto mdogo, zile ambazo watu huacha zikipika wakiwa kazini, huweza zisifikie joto hilo. Yaloweke usiku, mwaga maji, yachemshe kwa nguvu kwa dakika 10 au zaidi, ndipo uyahamishe humo.

Kwa upande wa mahindi ya githeri, usidanganywe na mahindi mateke ya mkebe. Yale ni mahindi ya sukari, na githeri yake inakuwa tamu kama kitindamlo. Mukimo ndio hauna msamaha hata kidogo. Nenda duka la Walatini ukatafute choclo ya barafu, mahindi ya Peru yenye punje kubwa na wanga mwingi. Ni binamu wa yale ya Ecuador yaliyokwenda Kitale, na ukiyaponda pamoja na viazi utaelewa bila kuambiwa. Kiazi nacho kiwe cha unga. Waliolelewa kwa Shangi ya Mau Narok na Kinangop watapata nafuu kwa Russet huko Marekani na Maris Piper huko Uingereza. Kile cha nta, kinachong'aa kikikatwa, kitavutika kama ubani.

Mboga ndizo zinazonifurahisha kuliko vyote katika habari hii, kwa sababu hapo dunia inageuka ndogo. Sukuma wiki ipo Marekani ya kusini kwa jina la collard, inapikwa na Wamarekani weusi kwa saa nyingi pamoja na nyama ya kukaushwa kwa moshi. Ipo Ureno na Brazil kwa jina la couve, na Wareno huikata nyembamba kabisa, nyembamba kuliko mama mboga wa Nakuru anayekatia wateja kisu kikiwa hewani. Terere huuzwa London katika maduka ya Wakaribi kama callaloo. Mrenda, ambao Mluhya wa Nakuru anaamini hauwezi kujulikana na mzungu yeyote, uko katika friji ya kila duka la Waarabu: ni mulukhiyah ya Wamisri, umekatwa tayari na kugandishwa. Mara ya kwanza kuuona utasimama mbele ya friji ile ukicheka peke yako. Ndengu zimejaa kwa Wahindi.

Managu na saga ndizo ngumu. Wakenya wenye kipande cha ardhi huko nje huzipanda wakati wa kiangazi, na katika sehemu za Marekani zenye Wakenya wengi huuziana kwa mafungu, kisha wakazichemsha na kuzigandisha kwa ajili ya miezi ya theluji. Hilo ni jema. Lisilo jema ni kwenda kuchuma managu ya mwituni Ulaya kwa kuyakumbuka majani tu. Katika familia ile ile ya mmea kuna mingine yenye sumu ya kuua, ukiwemo belladonna, wenye tunda jeusi la kung'aa linaloweza kumdanganya hata aliyelima managu Bahati tangu utotoni. Nunua kwa aliyepanda. Ukishapata saga, ichemshe, mwaga maji ya kwanza kama uchungu ni mkali, tia maziwa au malai, uiache ilale. Kesho yake ndipo inalika vizuri.

Mursik ni habari nyingine, na hapa sina njia ya mkato ya kumpa mtu. Maziwa huchemshwa, yakapoa, yakatiwa katika sotet, kibuyu kilichosuguliwa ndani kwa mkaa wa mti uitwao senetwet, kisha yakaachwa yachache kwa siku au wiki. Ladha yake iko katika vitu vitatu vinavyoshirikiana: vijidudu vilivyokaa katika ukuta wa kibuyu, mkaa ule, na maziwa ya ng'ombe wa malisho. Uingereza na nchi za Umoja wa Ulaya haziruhusu msafiri binafsi kuingia na nyama wala maziwa kutoka kwetu, kwa hiyo sotet iliyojaa itaishia katika pipa la forodha. Waliozoea hunywa kefir, au laban wakiwa nchi za Ghuba, na vyote ni vinywaji vizuri vinavyokwenda na ugali. Lakini siyo mursik, na sioni haja ya kujifanya kwamba ni yenyewe. Mwanariadha akirudi na ushindi wake, akapokelewa uwanja wa ndege kwa kibuyu mdomoni, anapewa kitu ambacho huko alikotoka hakipo. Ni vizuri kuwe na kitu kimoja ambacho lazima mtu arudi ili akipate.

Chai haina shida hiyo. Sehemu kubwa ya majani yaliyomo katika vifuko vya kawaida vya Uingereza hutoka Kenya. Weka maziwa na maji sufuriani, yachemshe pamoja na majani na tangawizi iliyopondwa, usiyamimine juu ya kifuko kikombeni kama wafanyavyo wenyeji. Ni dakika chache tu, na nyumba nzima inanukia asubuhi ya kwenu.

Chapati nazo zina deni kwa Bonde la Ufa kuliko watu wanavyojua. Delamere alipojaribu kulima ngano Njoro, kutu iliimaliza, na tangu 1927 Njoro imekuwa na kituo cha kuzalisha mbegu zinazostahimili ugonjwa huo. Kutu mpya kali, Ug99, ilipogunduliwa Uganda mwaka 1998 na kutishia mashamba ya dunia, mwanasayansi Norman Borlaug alipiga kengele mwaka 2005, na Njoro ikawa mahali ambapo ngano za nchi nyingi huletwa kupandwa ili ionekane ipi itasimama. Atta ya duka la Wahindi, kokote uliko, hupika chapati nzuri. Ikiwa nzito mno changanya nusu na unga mweupe, na uikunje kwa mafuta kama kawaida ili ipate matabaka.

Atta inapatikana hata Riyadh na Doha, lakini huko jambo kuu si unga. Wanawake wengi kutoka Nakuru na Baringo walioajiriwa majumbani Ghuba hupika kabsa ya wenye nyumba mchana kutwa na hawana jiko lao. Kula chakula cha kwao kunategemea ruhusa, siku ya mapumziko, na rafiki mwenye chumba. Katika mikataba ya kazi tunahesabu mshahara na tiketi. Haki ya kupika chakula chako walau mara moja kwa wiki inastahili kuandikwa humo pia, na mashirika yanayowasafirisha dada zetu yaulizwe kuihusu kabla ya kutia sahihi.

Sasa neno kwa anayefunga begi. Kilo 23 si nyingi, na nimeona nusu yake ikiliwa na pakiti za unga ambao mwenye duka Mzimbabwe anauza hatua chache kutoka nyumba utakayofikia. Uache. Nyama na maziwa usibebe kabisa, na chakula chochote ulicho nacho kitangaze forodhani, maana faini ya kuficha ni kubwa kuliko thamani ya kitu chenyewe. Beba mwiko mpana wa mti mgumu, kwa kuwa vijiko vya mbao vya huko huvunjika ugali ukishika. Ukipata nafasi, beba na sufuria ya chuma nene: sufuria zao zina mpini mrefu mmoja, zinazunguka juu ya jiko ukisonga, na zile za rangi nyeusi ndani hukwaruzika. Kabla ya kuondoka, simama jikoni na anayekupikia siku zote, upime kwa kikombe maji na unga anaotia, kwa sababu yeye hupima kwa macho, na macho yake hutakuwa nayo.